Reli ya Baba na Mkono Wangu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini nikianza barua kwako bila shikamoo mkono wenyewe utakataa kuandika. Mie mzima. Magoti ndiyo yananisumbua, hasa kwa vilima vya huku Madale, na nikiyalalamikia wajukuu wananicheka, eti bibi miguu ya kwenda harusini unayo, ya kwenda hospitali ndiyo huna. Nimestaafu juzijuzi tu. Nimefikisha umri uleule uliokuwa nao ulipochukua jembe ukaanza kusawazisha ule uwanja mbele ya nyumba yetu kule Temeke, Mama akakuuliza unapanda nini, ukamjibu unapanda reli.

Barua hii naiacha wazi, asomaye na asome. Mdogo wangu Zuhura alinishauri niende kaburini, nikuombee dua, nikwambie hukohuko, yaishe. Nimekwenda, nimeomba, hayakuisha. Jambo lenyewe nililifanya mchana mbele za watu, basi na kulisema nilisemee mbele za watu. Unaikumbuka siku niliyorudi kutoka ofisini nikakwambia kamati imeamua reli yako ing'olewe. Nilikwambia kamati. Sikukwambia kwamba mkono wa kwanza kuinuka mle chumbani ulikuwa wangu. Ndiyo hilo tu, Baba. Ni neno la pumzi moja, na uliishi miaka minane baada ya siku ile nisiweze kulitamka.

Wanaosoma hawakujui, kwa hiyo nianze mbali kidogo. Ulikuwa dereva wa garimoshi kwenye reli ya kusini, ile ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya karanga. Karanga hazikuota walivyotaka, na tulipopata Uhuru haukupita muda mrefu reli ikafungwa, ikaamriwa ing'olewe. Wewe ndiye uliyepewa kuendesha treni ya kung'olea. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ulinionyesha mezani kwa njiti za kibiriti jinsi kazi ile inavyofanywa: reli haing'olewi kuanzia nyumbani. Treni inakwenda kwanza mpaka mwisho wa njia, halafu inarudi polepole, na kila inapovuka kipande watu wanakifungua nyuma yake na kukipakia kwenye behewa lake lenyewe. Treni inarudi imebeba njia yake, na kule ilikotoka hakuendeki tena. Nikakuuliza roho ilikuuma? Ukasema, "Kazi ni kazi, mama." Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako, na sikumbuki hata mara moja uliniita kwa jina langu lenyewe.

Tukahamia Dar es Salaam, ukapewa injini ya kupanga mabehewa pale stesheni, mbele hatua hamsini, nyuma hatua hamsini. Baadaye zikaja za dizeli. Hukuzipenda. Ulisema dizeli inanguruma tu kama mtu aliyeshiba, haina maongezi, wakati injini ya mvuke ukiisikiliza vizuri inakwambia yenyewe kama ina kiu au ina njaa. Tulikucheka sana nyumbani. Siku uliyostaafu ulirudi na buti zako mkononi, ukaziweka mlangoni, na kwa wiki tatu ukawa unaamka saa ileile ya kazi, unazivaa, unakaa barazani. Mama alikuwa anafagia kukuzunguka.

Waliokuokoa ni wale wazee wenzio wawili. Mzee Anselmi, mtu wa Masasi, fayamani wako wa miaka yote, yaani yule wa kutia makaa na kuchochea moto huku wewe ukishika wenzo wa mvuke. Na Bwana Rajabali, fundi wa boila, aliyezaliwa Lindi dukani kwa babu yake, Mhindi aliyekuwa anaongea Kimwera kukushinda wewe. Alichagua grisi, akawaachia ndugu zake duka. Wote wawili walikuwa wamestaafu na wote wawili walikuwa wanawakera wake zao. Mkaenda karakana ya reli, mkaomba ruhusa ya kuisafisha injini moja kuukuu ya mvuke iliyokuwa imeachwa inaota kutu pembeni, majani yamepita katikati ya magurudumu. Vijana wa karakana walidhani mnatania. Mkawaambia nyie mmekuja kujitolea. Basi kila Jumatano wazee watatu, matambara na kopo la mafuta, mnaing'arisha injini isiyokwenda popote. Mama akakwambia miaka yote ulichafuka kwa mshahara, sasa unachafuka bure. Ukamjibu kwamba ile injini ni marehemu, na marehemu anaoshwa.

Pale ndipo mlipopata wazo la reli ndogo. Wakubwa wa karakana walikupeni kwa barua ya ruhusa vyuma bapa vilivyotupwa, Rajabali akatengeneza boila kwa kipande cha bomba nene, magurudumu yakasubiwa kwa chuma cha kuyeyusha na mafundi waliokuwa wanafunzi wenu zamani. Mlikaa mwaka mzima na ushee. Upana wa njia ulikuwa shubiri moja, urefu hatua mia na ishirini, kutoka ukutani kwetu mpaka mwisho wa uwanja. Mwisho wa kwetu uliweka kibao kimeandikwa Mtwara. Mwisho wa kule, Nachingwea. Injini yenyewe ilinifika magotini, na abiria walikaa kwenye mbao ndefu, mguu huku na mguu huku kama wamepanda baiskeli. Mlichoma mkaa na vifuu vya nazi.

Rajabali hakuruhusu kibiriti kabla ya kuijaza ile boila maji baridi, kuyasukuma kwa pampu ya mkono, na kupapasa kila mshono kwa kidole gumba. Watoto wanapiga kelele, Mama anamwambia Bwana Rajabali jua litazama, yeye anapapasa. Alisema akikosea kwa maji baridi atalowa tu, lakini akikosea kwa mvuke atakuwa na watoto wa watu shingoni mwake. Na wewe ulikuwa hivyohivyo na kile kijiti chako. Reli ya njia moja ina sheria, dereva haondoki stesheni mpaka akabidhiwe kijiti, ili treni mbili zisikutane uso kwa uso. Jamani, treni mlikuwa nayo moja! Lakini uliagiza kijiti cha mpingo kwa jirani yetu mchongaji wa Kimakonde, na Anselmi asipokukabidhi kwa mkono wa kulia huendi. Kuna Jumapili Anselmi alisahau akaondoka nacho mfukoni kwenda ibada ya jioni. Watoto ishirini wamekaa kwenye mbao, mvuke umejaa, na wewe umekunja mikono. Watu wakasema si uende tu Mzee, njia nyeupe. Ukasema, "Nitajuaje kama ni nyeupe?" Na mwisho wa njia tunauona! Alifuatwa kanisani, akaja mbio na kitabu cha nyimbo mkononi, akakukabidhi, ndipo ukapiga honi.

Nikiyakumbuka hayo sasa nacheka peke yangu mpaka wajukuu wanachungulia. Wakati ule sikucheka. Wakati ule nilitaka ardhi ipasuke.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, Baba, na unajua nilivyokuwa. Nimemaliza sekondari, karani wa ofisi ya kata, katibu wa vijana, sare imepigwa pasi hadi inaweza kusimama yenyewe. Tulikuwa tunajenga nchi. Kila Jumamosi tuko na majembe, kuchimba mitaro, kufyatua matofali, na mie na daftari langu naandika nani kaja na nani hakuja. Siku zilezile taifa zima lilikuwa linaimba reli kubwa ya kwenda Zambia. Vijana wenzangu wakawa wananiambia, Katibu, nchi inajenga reli ya kwenda Zambia, mzee wako anajenga ya kwenda ukutani. Wanacheka, na mie nacheka nao. Hilo la kucheka nao nalo nalijutia, ila ni dogo.

Kila mtu mtaani alipanda ile treni. Manesi wa zahanati walipanda, mwalimu wa madrasa alipanda ameshika kofia. Mama alipanda, yeye aliyekusema kutwa kucha, amejifunga kanga kiunoni na mwavuli kaufungua, akashuka kule Nachingwea anauliza kama kuna chai. Mie tu ndiye sikupanda. Kila ukiniambia, "Mama, leo twende," nilikujibu Jumapili ijayo, Baba. Nilikuwa naogopa wenzangu wasinione nimekaa kwenye ubao, magoti yamefika kidevuni, nyuma ya mzee aliyevaa kofia ya reli. Ukasema haya, Jumapili ijayo. Ulikuwa unaniamini kila mara.

Sasa nije kwenye kamati ya kata, ambako nilikuwa mjumbe na mwandishi pia.

Tulitaka kiwanja cha kujenga darasa la kisomo cha watu wazima. Lilikuwa jambo jema, na mpaka leo nasema lilikuwa jambo jema. Viwanja vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa nyuma ya soko, mvua ikinyesha kinatuama maji, kinataka kujazwa kifusi. Cha pili ni ule uwanja wenu, mkavu, umesawazishwa, maana wewe ndiye uliyeusawazisha. Mwenyekiti wetu alikuwa Bwana Sefu, mtu mpole mwenye duka la viatu, na wewe ulikuwa unamfahamu kwa sababu watoto wake walikuwa abiria wako. Akasema kwamba kifusi kinaweza kupatikana kwa kujitolea, na wazee wetu wale wameupamba mtaa, haoni sababu ya kuwasumbua. Nikaona vichwa vinaitikia. Mambo yalikuwa yanakwenda upande wako, Baba. Mie nilikuwa nimeinamisha uso kwenye karatasi, naandika.

Basi kijana mmoja, jina lake nimeshalisamehe, akasema kwa sauti ya utani, "Tusisahau kwamba reli ni ya babake Katibu." Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka tu kama watu wanavyocheka mkutanoni saa za njaa. Lakini mie nikasikia masikio yanawaka moto. Nikaona watakwenda kusema nje kwamba kiwanja kimepona kwa sababu ya binti wa mwenye reli. Upendeleo, Baba, lilikuwa neno baya kuliko yote siku zile. Mtu aliweza kusamehewa uvivu, upendeleo asisamehewe.

Nikaweka kalamu chini. Nikasema mie napendekeza uwanja wa reli, na nikainua mkono. Nakumbuka niliunyoosha hadi bega likauma, kama mtoto wa shule anayejua jibu. Bwana Sefu akaniangalia, akaangalia wengine. Watu wakajiambia, kama binti mwenyewe ameinua, sisi nani? Mmoja akainua, wa pili, wote. Hata Bwana Sefu. Kisha nikachukua kalamu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba kamati imekubaliana kwa kauli moja. Nilijiona shujaa, astaghfirullah. Nilitoka mle ndani kichwa kiko juu.

Kichwa kilishuka njiani, kabla hata sijafika nyumbani. Nilikukuta unapaka mafuta magurudumu, umekaa kwenye kigoda, miwani puani. Nikakwambia, Baba, kamati imeamua darasa lijengwe hapa uwanjani, reli itabidi itoke. Ukaweka kopo chini.

"Wameamua wote?"

"Wote, Baba."

"Na wewe?"

Na hapa ndipo ninapotaka kukatika ulimi. Nilikujibu, "Mimi ni karani tu, Baba. Naandika wanayosema wakubwa."

Ukaniangalia kidogo. Ukasema, "Haya, mama. Basi tutaing'oa sisi wenyewe. Wao hawajui inavyong'olewa." Ukarudi kwenye magurudumu yako, ukamalizia kuyapaka mafuta yote, hata lile la mwisho.

Jumapili iliyofuata mlikuja nyote watatu mmevaa kikazi. Wewe khaki yako ya zamani, kola imesuguka, vifungo vimeng'arishwa. Anselmi naye. Rajabali na koti lake la karakana. Rajabali akajaribu boila kwa maji baridi, vilevile, hakuruka hata mshono mmoja. Mtaa mzima ulikuwepo, na vijana wangu na majembe na koleo, tayari kusaidia, hawajui waanzie wapi. Mie nilikuwa na daftari la waliojitolea. Nikaandika jina lako namba moja, Baba, kana kwamba umekuja kuchimba mtaro. Sijui nilikuwa na akili gani.

Mvuke ulipokuwa tayari ulinijia. Mikono ulikuwa umeifuta kwa tambara, lakini hukunigusa, usije ukanichafua sare. Ukasema, "Mama, panda. Twende Nachingwea mara moja kabla hatujaanza." Ubao wote ulikuwa mtupu, mlikuwa mmewazuia watoto. Mlikuwa mmeuweka kwa ajili yangu.

Nikaangalia wenzangu. Nikasema, "Nina kazi, Baba," nikakuonyesha daftari.

Ukasema haya. Hukusema Jumapili ijayo, wala mie sikusema.

Mkaenda Nachingwea bila abiria. Mkafunga behewa la wazi nyuma, mkaanza. Ni kama ulivyonionyesha kwa njiti za kibiriti, ila sasa nilikuwa mtu mzima na nilikuwa nimesababisha. Injini inarudi hatua tatu, inasimama. Anselmi anafungua, vijana wanainua kipande, wanapakia. Inarudi hatua tatu tena. Hukumharakisha mtu, hukumkaripia mtu. Ulikuwa unawaelekeza vijana wangu kwa upole, shika huku, geuza, usiweke kidole hapo. Kile kijiti cha mpingo ulikuwa nacho kifuani mfukoni. Asubuhi ikaenda, adhuhuri ikafika, na njia inafupika, hadi ikabaki ile iliyokuwa chini ya injini tu, pale ukutani kwetu, na behewa limejaa reli hadi linalia. Watu hawakupiga makofi. Hawakujua kama inafaa. Ukaachia mvuke, Anselmi akatoa moto. Mama akatoka na sinia la uji, akagawia kila mtu, na aliponifikia mie akanipa kikombe bila kuniangalia. Mama alikuwa anajua, Baba? Sikupata kumuuliza, na yeye naye ameshakufuata.

Darasa halikujengwa. Matofali yalifyatuliwa mia kadhaa, yakapangwa, mvua za masika zikayapiga yakalainika, kisha viongozi wakabadilishwa na vipaumbele vikabadilika. Kisomo kilifanyika chini ya paa la soko, na watu walijifunza, namshukuru Mungu. Uwanja wako ukawa wa kuanikia nguo. Ulikuwa unapita hapo kila siku kwenda msikitini na sikuwahi kukusikia unasema hata neno moja. Ungesema, Baba! Ungenifokea hata mara moja, ningelia, ningekwambia, tungemaliza.

Nikaolewa, nikahamia Kinondoni. Kila Jumapili nilikuja kukuoneni, sikukosa, watu wakanisifu kwa kupenda wazazi. Nilikuwa nakukuta wewe na Rajabali kwenye kibanda mlichokijenga pale ukutani, mnaing'arisha ile injini ndogo iliyokaa juu ya kipande chake cha reli. Ilikuwa inang'aa hata ukitaka unaweza kunyolea ndevu. Jioni unanisindikiza mpaka barabarani, mwendo wako wa taratibu, unaniuliza habari za mume, za watoto, za kazi. Na tukifika unasimama, unaniuliza, "Huna neno jingine, mama?"

Nilidhani ndivyo wazee wanavyoaga. Nilikujibu sina, Baba. Nakupa mkono, napanda basi. Miaka minane, Jumapili kwa Jumapili, nilikujibu sina. Kuna siku nilikuwa nimelipanga kabisa, neno kwa neno, tangu Kinondoni, na ulipouliza nikasema ninalo, Baba, nikaona umenigeukia mzima mzima, nikaogopa, nikakuomba eti unitunzie mbegu za mchicha. Ukasema utanitunzia.

Ukafa mwanzo wa kiangazi, kwa homa ya siku nne tu. Anselmi, aliyekuwa amesharudi kuishi kwao, alisafiri kutoka Masasi akachelewa mazishi kwa siku moja, akakaa barazani hajavua kofia. Tulipomaliza arobaini nikaenda kumsalimia Bwana Rajabali, maana afya yake haikumruhusu kuja. Alikuwa anakaa kwa binti yake, macho yamemwishia siku za karibuni. Akanipapasa mkono kama alivyokuwa anapapasa mishono ya boila, akaniuliza, "Ulimwambia?"

Nikamuuliza nimwambie nini.

"Habari ya mkono," akasema.

Baba, nilikaa chini sakafuni. Akanieleza polepole, hana hasira. Kwamba Bwana Sefu alikufuata siku ileile ya kamati, kabla mie sijafika nyumbani, nikiwa bado ofisini nanakili kumbukumbu, akakuomba radhi na kukusimulia yote kama yalivyokuwa. Kwa hiyo niliporudi, wewe na kopo lako la mafuta, ukaniuliza "Na wewe?", ulikuwa unajua. Ulikuwa unajua na nikakujibu mimi ni karani tu. Nikamuuliza Rajabali mbona hukusema. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe alikusukuma sana useme, na Anselmi alikasirika akataka aje anikabili, mkagombana kwa ajili hiyo, wewe ukakataa katakata. Ulisema habari ile si yako, ni yangu, na nitakuja nayo mwenyewe.

Nikamuuliza kama ulinichukia. Akashangaa.

"Akuchukie kwa nini? Alisema yeye aling'oa reli nzima ya kwetu kwa amri, na jioni yake akala wali. Alikuwa anakusubiri tu umwambie, akucheke kidogo, yaishe."

Kisha akanieleza lile ambalo silali nalo vizuri mpaka leo. Kwamba kila Jumapili, ukisharudi kutoka kunisindikiza, ulikuwa unakaa kwenye kigoda, unachukua tambara lako, unamwambia Rajabali maneno mawili tu: "Leo bado."

Nimezihesabu zile Jumapili, Baba, halafu nikaacha kuhesabu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yako. Sikujua kwamba uliniwekea kicheko, ukakaa nacho miaka minane, ukazikwa nacho.

Sasa nimestaafu mie. Nina asubuhi ndefu na mikono mizima, na nimeelewa mlikuwa mnafanya nini pale uwanjani nyie wazee watatu. Mlikuwa hamchezi. Kitu mlichokipenda kiling'olewa mkiona, mkakirudisha kwa shubiri moja ya upana, mkakigawa bure kwa kila aliyepita. Na mie nilikuwa na daftari la kujitolea mkononi, nikashindwa kuona waliojitolea kweli ni akina nani.

Sina la kukuomba zaidi ya radhi. Nisalimie Mama, na Bwana Rajabali, na Mzee Anselmi; kama bado ana hasira na mie, ana haki.

Uliniuliza kama sina neno jingine. Ninalo, Baba. Ni mie niliyeinua mkono.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza